Pua ya Ednah

Kiritiri nzima ilijua kwamba Ednah hali cha mtu. Haikuwa kiburi, ilikuwa kinyaa. Harusini alipakata sahani ya pilau kwa heshima zote, akaichokoachokoa kwa kijiko mpaka mwenye shughuli apite, kisha akaisukuma kwa jirani ambaye alikuwa ameshaizoea kazi hiyo. Watu walimcheka, lakini walimtumia pia. Maziwa yakishukiwa, unga ukikaa vibaya, mtu alitumwa kwake: mpelekee Ednah anuse. Akikunja uso, kitu kinatupwa na hakuna anayebisha. Hata Mbarak, mwenye bucha karibu na stendi, mtu wa Meru mjini asiyependa kuambiwa lolote kuhusu nyama yake, alipomwona Ednah anapita huku ameshika pua aliinuka kimyakimya kwenda kukagua mapaja ya mbuzi yaliyoning'inia.

Kitu kimoja tu hakikuwahi kumtia kinyaa, nacho ni kidonda cha mama yake. Cucu Marigu, yaani Bibi Marigu kama kila mtu alivyomwita, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto alikuwa na kidonda kilichokataa kupona mwezi wa nane sasa. Kila asubuhi Ednah aliuweka mguu ule mapajani mwake, akakiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakikausha kwa shashi safi. Kila Alhamisi alimpeleka hospitalini Embu kikasafishwe na kufungwa upya. Daktari hakuwaficha kitu. Alisema kikiachwa wiki tatu bila matibabu, mguu utakatwa, na kwa umri wa cucu, mguu ukienda huenda na mwenyewe akaufuata.

Ndiyo maana mwaliko wa Ulaya ulipokuja, Ednah alitaka kukataa. Alikuwa mpiga ngoma wa kwaya ya Kanisa la Chemchemi, kanisa la Askofu Ndambiri, na kwaya hiyo ilifundishwa na Mwalimu Kaberia, aliyekuwa akifundisha muziki chuoni Nchiru, upande wa Meru, na kuteremka Kiritiri kila Jumamosi. Chama fulani cha kwaya huko ng'ambo kilikuwa kimeona video yao, kikawaalika siku kumi na tatu, waimbe na kutembezwa katika miji ya kale. Kuruthumu, mke wa Mbarak, ambaye ua wake ulipakana na wa Ednah, ndiye aliyemsukuma.

"Enda tu," alimwambia. "Mguu wa cucu niachie. Alhamisi nitampeleka mimi, na asubuhi nitaosha. Kwani mimi sina mikono?"

Kwa Kuruthumu Ednah alikuwa amewahi kula chapati mbili mfululizo bila kuzinusa, na hilo si jambo dogo. Akaenda.

Sasa, miji ya kale. Kwa mbali ni mizuri, asiseme mtu vingine. Praha ilikuwa na minara mingi kama mahindi shambani, na daraja lenye masanamu ya watakatifu yaliyokuwa meusi kwa moshi wa miaka. Lakini Ednah hakuwa na macho peke yake, alikuwa na pua, na pua ilimharibia safari tangu siku ya kwanza. Katika hoteli walimolala, chooni hamkuwa na maji ya kujisafisha, mlikuwa na karatasi tu, na sakafuni mlitandikwa zulia, zulia chooni, ambalo Mungu peke yake ndiye aliyejua limenyonya nini. Walipelekwa kula mahali ambapo mbwa alikuwa amelala chini ya meza, na bibi mmoja aliyevaa lulu akamlambisha kijiko, kisha akaendelea kula kwa kijiko kilekile. Kaberia, kwa kuwa ni msomi, aliagiza nyama mbichi ya kusaga iliyovunjiwa yai bichi juu yake, akaila huku akisema ni utamaduni. Ednah alikula ndizi na mkate kwa siku tatu. Jibini waliyoletewa ilinuka soksi, na wenyeji waliisifia harufu hiyohiyo.

Siku ya nne mwongozaji wao, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliwaingiza katika kanisa kubwa na kuwaonyesha kasha la dhahabu. Ndani yake, alisema, mna mfupa wa mkono wa mtakatifu. Zamani hapa palikuwa kijiji cha wachuna ngozi, hakuna mtu aliyepajua. Mfupa ulipoletwa, mahujaji walianza kuja, na nyuma ya mahujaji zikaja nyumba za wageni, na soko, na madaraja, na mfalme mwenyewe.

Askofu Ndambiri, ambaye tangu Nairobi alikuwa akisinzia kila walipofafanuliwa jambo, alitoa kijitabu akaandika.

"Mfupa mmoja tu?" aliuliza.

"Mmoja tu," mwongozaji akajibu.

Kesho yake walipelekwa katika mji mdogo, saa moja kwa basi. Palikuwa na kanisa dogo la mawe, nao waliombwa waimbe wimbo mmoja ndani yake kwa sababu sauti humo huvuma vizuri. Ednah alishuka ngazi akiwa ameikumbatia ngoma yake, akainua macho, na kwanza hakuelewa anachokiona. Alidhani ni mapambo ya chokaa. Kisha akaona meno. Kuta zote zilipambwa kwa mifupa ya watu. Mafuvu yalipangwa kama vikombe kabatini, mifupa ya mapaja imefungwa mashada, na kutoka darini palining'inia taa kubwa iliyoundwa kwa mbavu na mikono. Mwongozaji alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeelezea bei ya nyanya, kwamba hawa ni watu waliokufa kwa tauni na vita, makaburi yakajaa, wakafukuliwa. Majina yao hayajulikani.

Watalii walikuwa wakijipiga picha na mafuvu, wamekenua.

Ednah aliiweka ngoma juu ya benchi, akatoka nje, akatapika kwenye majani. Kilichomshinda haikuwa harufu, kwa maana mifupa ile haikunuka kitu, labda vumbi na jiwe baridi. Kilichomshinda ni kwamba mtu amezaliwa, amenyonyeshwa, amekuwa na jina la kuitiwa chakula, halafu mbavu zake zimefanywa taa. Kwao Mbeere, katika siku za mama yake, aliyegusa maiti hakurudi kukaa na watu hivihivi. Alitengwa, akatakaswa kwa mbuzi, na mpaka atakaswe hakumpikia mtu yeyote. Ednah alikuwa Mkristo na hayo aliyaita ya zamani, lakini tumbo lake halikuwa limeokoka.

Kwaya iliimba bila ngoma. Walipotoka, Askofu mwenyewe ndiye aliyembebea ngoma yake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Pole, mama," alisema. "Si kila mtu anaweza mambo kama haya."

Ednah alimshukuru. Baadaye, kila alipoyakumbuka yale majani na shukrani ile, mate yalimjaa mdomoni.

Vienna ngoma ilianza kukohoa. Ni Kaberia aliyesema hivyo, katikati ya mazoezi, akisimamisha soprano wote na kumwita Ednah kwa jina la mwanawe.

"Mama Wawira, ngoma yako inakohoa."

Ilikuwa kweli. Kila alipopiga katikati ya ngozi, kitu kiligonga ndani, mlio mdogo wa kusitasita, kama mtu anayebisha mlango huku ameficha mkono kwenye kanga. Ngoma ilikuwa imewambwa ngozi pande zote mbili, na ubavuni ilikuwa na tundu la kupumulia, la upana wa vidole viwili. Ednah alichungulia, akaona giza tu. Alidhani ni kibanzi cha mti kilichobanduka kwa sababu ya vyombo vyao vya kupasha nyumba joto. Alipiga ngoma ile Vienna mara tatu na Krakovia mara mbili. Chumbani aliilaza kitandani pembeni yake, maana lile zulia hakuliamini.

Uwanja wa ndege, wakirudi, afisa aliitikisa ngoma, akasikia kitu kinagonga, akamuuliza Ednah kuna nini ndani. Kabla hajafungua mdomo, Askofu alijibu kutoka nyuma yake, kwa Kiingereza chake cha mimbarini: "Ni mbegu. Za kuleta mlio." Ednah alijua ngoma yake haina mbegu. Alinyamaza, kwa kuwa alidhani Askofu anataka foleni iende haraka. Afisa alitabasamu akawaachia.

Walipofika nyumbani Jumatano, mambo ya Kuruthumu yalikuwa sawasawa. Kidonda kilikuwa safi, chekundu, kimeanza hata kujikunja pembeni. Ednah alikaribia kulia. Jumatatu iliyofuata Askofu alimtumia ujumbe aipeleke ngoma kanisani, anataka kumpa mtu wa kuiwamba upya, zawadi ya safari. Ednah hakupenda ngoma yake ishikwe na fundi asiyemjua. Mchana huohuo aliiketisha uani, akafungua kamba mwenyewe, akaiondoa ngozi ya upande mmoja ili akitoe kile kibanzi.

Ndani mlikuwa na leso. Leso ya mwanamume, nyeupe, imeshonwa herufi N pembeni kwa uzi wa bluu, mshono wa mke wa Askofu ambao kila mama wa kanisa aliujua. Aliifungua. Mlikuwa na mfupa mdogo wa rangi ya chai, urefu wa kidole cha shahada.

Hakupiga kelele. Aliuangalia tu. Alikumbuka kitanda cha Vienna. Alikumbuka kwamba ngoma hiyo ilikuwa imekaa juu ya meza ya jikoni tangu Jumatano, kando ya unga. Alikumbuka kwamba asubuhi hiyohiyo, kwa mikono hiyohiyo, alikuwa ameosha kidonda cha mama yake. Alijisugua kwa majivu, kisha kwa sabuni ya unga, kisha kwa majivu tena, mpaka ngozi ya viganja ikawasha. Na lilipomjia wazo kwamba kadi iliyoning'inia kwenye ngoma kule uwanjani ilikuwa na jina lake, si la Askofu, alisimama pale penye beseni akatukana tusi ambalo hakujua kwamba analijua.

Aliushika mfupa kwa koleo la makaa, akautia katika kopo tupu la mafuta ya kupikia pamoja na leso yake, akaupeleka kanisani ameunyoosha mkono mbele, mbali na mwili.

"Askofu, mtu wako huyu hapa."

Ndambiri alifunga mlango wa ofisi. Hakuona haya hata kidogo, na hilo ndilo lililomtibua Ednah zaidi.

"Keti, mama. Wewe ni mtu mzima, utaelewa. Hii Kiritiri yetu iko na nini? Mbuzi, makaa na mchanga. Watu wetu wakitaka kuombewa wanapanda gari wanaenda Nairobi, wanaenda Meru, wanaenda kila mahali. Mbona wao wasikuje hapa? Ulisikia yule mama vile alisema. Mfupa mmoja tu."

"Alisema ule ulikuwa wa mtakatifu. Huu ni wa mtu wa tauni. Nilimsikia kabla nitoke."

"Nani atauliza?"

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye kidole, Askofu."

Askofu alicheka, kicheko cha kumhurumia. "Huyo alikufa kitambo. Hawezi kulalamika." Akanyoosha mkono kuchukua kopo.

Hapo ndipo Ednah alipokosea, na hakuja kujisamehe. Angeweza kukataa. Angeweza kulipeleka kopo kwa chifu, au kuchimba shimo nyuma ya nyumba na kumzika yule mtu kama mtu. Lakini mkono wake ulikuwa umechoka kulishika mbali na mwili, na moyo wake wote ulitaka kitu kimoja tu, kitu kile kisiwe kwake. Aliliachia. Alitoka ofisini akipumua, akanawa tena kwenye bomba la kanisa.

Jumapili lilikuwako kasha la kioo juu ya madhabahu, lenye kitambaa chekundu ndani yake, na juu ya kitambaa kile kidole. Askofu alihubiri saa nzima juu ya miji mikubwa iliyojengwa juu ya mifupa ya watakatifu. Kisha akasema kwamba mtakatifu huyu alichagua mwenyewe njia ya kuja Kiritiri, akaingia katika ngoma ya binti wa hapahapa.

"Na mnamjua Ednah," alisema. "Mnaijua hiyo pua. Mama huyu hawezi kunywa chai kwa kikombe chako. Amelala na ngoma hiyo kando yake, ameshika na mikono yake, amekuja nayo mpaka nyumbani kwake. Mimi nauliza kanisa: kama hii kitu ingekuwa chafu, Ednah hangejua?"

Kanisa likasema amina. Vichwa vyote vikamgeukia. Cucu Marigu, aliyeketi kando yake na mguu wake uliofungwa shashi, aliushika mkono wa bintiye akauminya, na uso wake wote ulikuwa umewaka kwa fahari. Ednah alikaa kama gunia. Aliona aibu kusema mbele ya watu kwamba alijua tangu Jumatatu, na kila sekunde aliyonyamaza ilimwongezea aibu ya kusema.

Watu walianza kuja. Walitoka Siakago na Ishiara, na siku moja lilikuja basi zima kutoka Meru. Foleni ilipita mbele ya kasha, mtu anabusu kioo, anayefuata anabusu palepale penye mate ya mwenzake. Wagonjwa walipewa leso, ile ile ya herufi N, wakaipitisha mahali panapouma. Leso moja. Ilipita kwenye jipu la mtu, ikapita kwenye jicho la mtoto, ikapita kwenye ziwa la mama aliyekuwa akinyonyesha, ikarudi mikononi mwa shemasi ikiwa imelowa, na shemasi akaikunja kwa adabu. Ednah alikuwa amekwisha acha kupiga ngoma, akisema mkono unamuuma. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na hata huko alihisi utelezi wa leso ile kwenye ngozi yake.

Siku cucu alipofungua shashi kule kanisani akaiweka leso juu ya kidonda, Ednah alikuwa sokoni. Aliporudi alimkuta mama yake amekaa barazani, mguu wazi, anatabasamu.

"Hospitali tumemaliza," cucu alisema. Nyumbani walizungumza Kimbeere, na katika Kimbeere cucu hakuwa na maneno ya kupoteza. "Na yale maji ya chumvi usiniletee tena. Utaniosha baraka itoke."

Alhamisi ya kwanza ilipita, Ednah akibembeleza. Alhamisi ya pili ilipita, akigombana. Vidonge vya sukari alivikuta vimetupwa chooni. Alimweleza mama yake kila kitu, tangu majani aliyoyatapikia mpaka koleo la makaa. Cucu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulipoufungua, ulinuka?"

Ednah alikuwa mtu wa kweli, na hiyo ilikuwa bahati mbaya yake. "Haukunuka, mama. Lakini..."

"Basi. Ungekuwa mchafu ungenuka, nawe ungejua. Nimekuzaa mimi, pua hiyo naijua."

Alimpigia simu Kaberia amsaidie, kwa kuwa yeye alikuwamo mle katika kanisa la mifupa na aliyasikia yote. Mwalimu alikohoa kidogo. "Mama Wawira, tumealikwa tena mwaka ujao. Hispania. Hiyo story wacha ilale, tafadhali."

Jumamosi ya wiki ya tatu Ednah aliingia chumbani kwa mama yake na kusimama mlangoni. Harufu ilikuwa pale. Ilikuwa nzito, tamu, ya kitu kinachooza kikiwa bado kinaishi. Hakuhitaji kuinama. Kidole gumba kilikuwa cheusi kwa chini, na cucu mwenyewe, aliyekuwa hasikii maumivu tena mguuni, alisema hiyo ndiyo dalili ya kupona.

Kesho yake, wakati wa shuhuda ulipofika, Ednah alienda mbele. Askofu alimpa kipaza sauti kwa furaha, kwa sababu alikuwa amemngoja kwa muda mrefu.

Alikuwa amekesha na ukweli wake akiupima. Ukweli ulikuwa kwamba mfupa ule ni mkavu, hauna harufu, ni wa mtu asiyejulikana. Alikuwa ameshausema ukweli huo nyumbani na haukumfungulia mama yake hata kidole. Basi akauacha.

"Ulinuka," alisema.

Shemasi aliyekuwa na leso akainua kichwa.

"Nilifungua ngoma yangu nikakuta hii kitu, ikanuka maiti. Ilinuka mpaka nikatapika. Nilijisugua na majivu, harufu ikakataa kutoka. Na hiyo leso mnajipanguza nayo ndiyo ilikuwa imefunga maiti. Askofu anajua. Nilimletea mwenyewe kwa kopo."

"Ednah," Askofu alisema taratibu, akitabasamu kwa meno tu, "kwa nini hukusema siku hiyo?"

Alijua swali hilo litakuja, na alikuwa ameshaamua kujipaka tope mwenyewe, maana bila tope hawangemwamini. "Kwa sababu nilitaka kuenda Ulaya tena," alisema. "Ninanuka na mimi. Hii mikono imeshika maiti, na nimepikia watu nayo, na sikuambia mtu."

Mama mmoja mstari wa pili alianza kujifuta midomo kwa ncha ya kitambaa chake, kwa nguvu, kama anayetaka kuibandua. Mwingine akamtemesha mtoto wake mate sakafuni, amtoe kilichoingia. Shemasi alikuwa ameishika leso, akaiangusha, akaipangusa mikono yake kwenye suruali, kisha akaitazama suruali. Ndambiri alianza kuimba pambio kwa sauti kubwa, lakini hakuna aliyeitikia, na watu waliokuwa karibu na madhabahu walirudi nyuma wakikanyagana. Ile pua aliyoitumia kuwaleta ndiyo iliyokuwa ikiwatoa.

Cucu Marigu alikuwa ameketi. Alikuwa akiutazama mguu wake. Kisha akainua shashi iliyoufunika, akainama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akaunusa.

Ednah alimfikia akamnyooshea mkono amwinue. Mama yake alijikunja, akauvuta mkono wake kifuani.

"Usiniguse," alisema kwa Kimbeere, bila kupandisha sauti. "Umenilisha wiki ngapi na mikono hiyo?"

"Mama, twende Embu."

"Nitaenda. Niitie Kuruthumu."

Ni Kuruthumu aliyempandisha kwenye gari la probox, akamwekea mguu juu ya mapaja yake. Ednah alikaa mbele na dereva. Hospitalini walikata vidole viwili siku ileile. Daktari alisema mguu umenusurika kwa siku tatu au nne tu, zingepita hizo asingekuwa na la kufanya.

Kasha la kioo liliondolewa madhabahuni, na Askofu aliwaambia watu kwamba mtakatifu ameitwa kwingine. Ednah alimuuliza mara mbili amempeleka wapi yule mtu, na mara zote mbili hakupewa jibu. Kaberia alitafuta mpiga ngoma mwingine. Sokoni hakuna aliyemletea tena kitu akinuse, na wanawake aliozoea kuwauzia maharagwe walikumbuka ghafla kwamba wana maharagwe nyumbani. Haya yote aliyatarajia, akayameza.

Wadi ya wanawake ilikuwa na madirisha makubwa na mwanga mwingi. Siku ya tano Ednah alikuja saa ya chakula na bakuli lililofunikwa. Alikuwa ameamka mapema, ameosha sufuria kwa maji moto, amepika uji wa wimbi na mboga za kunde kama mama yake alivyozipenda, za kuchemshwa kidogo tu, zisizojaa mafuta. Cucu alikuwa amekonda. Chakula cha hospitali hakikumpanda. Aliufunua mfuniko, mvuke ukamfikia usoni, na Ednah akaona koo la mama yake likimeza.

Lakini mkono haukushika kijiko.

"Nani amepika?"

Ednah alimtazama mama yake, na mguu uliofungwa bandeji mpya, na bakuli.

"Kuruthumu."

Cucu akachukua kijiko, akala. Alikula kwa haraka, kama mtu aliyekuwa amengoja ruhusa, akakwangua mboga za chini, akaunywa uji mpaka tone la mwisho, kisha akamrudishia bintiye bakuli huku akilishika kwa ncha za vidole, pembeni, vidole vyao visije vikakutana.

"Mwambie Kuruthumu asante," alisema. "Kesho alete tena. Ana mikono misafi, yule."

Ednah akasema atamwambia.